Dondoo muhimu: Tangi safi kabla ya masika

Kuanzia Nyeri hadi Nanyuki, mvua ndefu huanza Machi. Osha tangi Februari. Sugua tope la chini kwanza, maana klorini hupotea bure kwenye uchafu. Lijaze, utie jiki isiyo na manukato: ikiwa ya asilimia 3.5, lita moja na nusu kwa lita 1,000. Wenye magari ya kambi kule Naro Moru, mililita 150 kwa lita 100. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo. Fungua kila mfereji mpaka harufu ifike, funga, uache hadi asubuhi. Kwa baridi ya huku dawa hufanya kazi polepole. Kisha mwaga yote, mbali na sukumawiki, na usuuze mpaka harufu iishe.