Je, talaka yangu ndiyo iliyompa mama saratani?

Barua imetoka Tanga, kurasa tatu za daftari la shule. Aliyeiandika ana miaka 31. Mwezi Machi alipewa talaka akarudi kwao na watoto wawili; Juni mama yake, akiwa anaoga, akagusa kivimbe kwenye titi la kushoto. Vipimo vikaonyesha saratani. Kwenye kikao cha familia mama mdogo akatamka mbele ya wote kwamba dada yake amembebea binti mawazo mpaka yamegeuka ugonjwa. Tangu siku hiyo msomaji huyu hapati usingizi. Mama naye ameacha dripu ya pili ipite, akisema autulize moyo kwanza ndipo arudi hospitali. Swali la barua ni moja: "Ni mimi niliyemponza mama?"

Hapana.

Tarehe zenyewe zinakataa. Uvimbe wa titi hauanzi leo ukashikika kwa vidole baada ya miezi mitatu. Seli iliyoharibika hugawanyika na kugawanyika tena, na kwa kawaida miaka hupita kabla mkono haujahisi kitu. Kivimbe kilichoguswa Juni kilikuwamo, kwa hakika kubwa, binti akiwa bado kwa mumewe.

Lawama aliyoitoa mama mdogo ina mizizi mirefu. Galen, tabibu wa karne ya 2, alisema saratani hutokana na nyongo nyeusi, ileile iliyodhaniwa kuleta huzuni. Watafiti wa siku hizi wameipima dhana hiyo kwa watu halisi, na kipimo kimoja kinamhusu msomaji huyu moja kwa moja. Nchini Denmark, ambako wagonjwa wa saratani wameandikwa kwenye daftari la taifa tangu miaka ya 1940, walifuatiliwa wazazi zaidi ya 11,000 ambao watoto wao walipata saratani. Ni mawazo gani ya mzazi yanayozidi hayo? Matokeo yalitoka mwaka 1997: wazazi wale hawakuugua saratani kuliko watu wengine. Mwaka 2013 ukafuata uchambuzi wa watu 116,056 wa Ulaya, na msongo wa kazini haukuonekana kuongeza saratani ya titi, mapafu, utumbo mpana wala tezi dume.

Hata hivyo, mawazo yana madhara yake. Utafiti mwingine wa Denmark, wa mwaka 2002, ulikuta ongezeko dogo la saratani kwa kina mama waliofiwa na mtoto, hasa zile zinazohusiana na sigara. Huenda hapo ndipo njia ilipo: mwenye majonzi huvuta, hunywa, huacha kula, hukosa kliniki. Kwa panya wa maabara, homoni za msongo zimeonekana kuchochea uvimbe uliokwishakuwapo, lakini panya si mama wa Tanga, na kwa binadamu jambo hilo bado linachunguzwa.

Kwa hiyo hatari iliyo nyumbani humo sasa ni dripu iliyopita bila mgonjwa. Mama asisubiri moyo utulie. Nchini Kanada wanawake 235 wenye saratani ya titi iliyosambaa walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2001. Waliowekwa kwenye vikundi vya kuzungumza pamoja walipungukiwa na dhiki na maumivu, ila hawakuishi muda mrefu zaidi ya wenzao. Faraja inastahili kutafutwa kwa ajili ya faraja yenyewe, sambamba na dawa.

Binti na ampeleke mama wiki hii hii, wamweleze daktari waziwazi kwamba dozi moja imekosekana na kwamba binti mwenyewe halali usiku. Dawa za usingizi na ushauri nasaha vipo. Waulize pia kama kliniki ina kikundi cha wanawake waliokwishatibiwa. Na mama mdogo apewe kazi: awe anabaki na wajukuu siku za dripu, ili binti akae kando ya kitanda cha mama yake mpaka chupa iishe.