Antena ya foni nyumbani: somo kwa koperative zetu



Hapa Ituri tunajua foni tangu zamani. Ni ile redio ya mawimbi mafupi yenye ilikuwaka kwenye misioni, kituo cha afya na viwanja vidogo vya ndege, mbele telefone za mkononi zifike. Hata leo kuna vijiji vya Djugu, Irumu, Mambasa, Mahagi na Aru ambako rezo haifiki, na foni ingali na kazi.

Koperative moja tuliyoitembelea ilikuwa na foni nzima, batri nzuri, lakini walisikia kelele tu. Antena yao ilikuwa imelala juu ya bati. Siku moja mnunuzi alifika na moto, akasema bei ya maharagi imeanguka Bunia. Hawakuwa na namna ya kuuliza, wakauza. Nyuma ya siku tatu mwenzao alirudi kutoka Bunia: bei haikuanguka hata kidogo. Kisha tulitoa waya kwenye bati, tukaivuta katikati ya miti miwili. Jioni ileile wakasikia Mambasa. Foni haikuwa mgonjwa, ni antena.

Namna antena inafanya kazi

Ile redio ndogo ya mkononi, yenye watu wanaita Motorola, mawimbi yake yanaenda moja kwa moja. Yakikuta kilima yanakatika. Mawimbi mafupi ya foni yanapanda juu sana angani, yanakuta tabaka lenye umeme, yanarudi chini. Ni kama kumwaga maji kwa bomba likiangalia juu: yanaanguka pande zote, hata nyuma ya kilima. Ndiyo sababu kwa kuongea ndani ya mkoa wetu hatuhitaji mnara mrefu. Waya ya mita 6 mpaka 10 juu ya udongo inatosha.

Urefu wa waya

Kila frekansi iko na urefu wake. Hesabu ni rahisi: muchukue 143, mugawanye kwa frekansi ya megahezi. Jibu ni urefu wa waya yote kwa mita. Tuseme mumepewa megahezi 6,5: 143 ÷ 6,5 = mita 22. Kwa hiyo kila upande ni mita 11.

Vifaa

– Waya ya shaba ya umeme, yenye ngozi ya plastiki.
– Kable ya koaksiali ya omu 50, ya kutoka antena mpaka foni.
– Vipande vitatu vya plastiki ngumu. Hata bidoni iliyopasuka inafaa.
– Kamba ya nailoni, na jiwe la kuvutia.

Hatua za kazi

1. Muchague miti miwili au nguzo mbili zenye kuachana mita 25 hivi, mbali na bati. Kama kuna waya za umeme karibu, mutafute fasi ingine. Antena ikigusa waya ya umeme, mtu anakufa. Hapo hakuna bahati.

2. Mukate waya mbili, kila moja mita 11 na sentimita 30. Ni vizuri kuzidisha: waya ndefu inapunguzwa, waya fupi haiongezeki.

3. Kwenye plastiki ya katikati mufunge waya zote mbili, lakini zisigusane. Waya ya ndani ya kable mushikanishe na upande mmoja. Ile ya kuzunguka mushikanishe na upande wa pili. Mufunike vizuri na skochi na mpira, maji yasiingie. Kable yenye maji ndani imekwisha.

4. Miisho ya waya mufunge kwenye plastiki zingine, kisha kamba ya nailoni mpaka kwenye mti. Upande mmoja musikaze kabisa: mufunge jiwe kwenye kamba, ili upepo ukitikisa mti, waya isikatike.

5. Mupime na kipimo cha SWR, wengine wanaita ROS. Chini ya 2 ni sawa. Kama kipimo kinakuwa kizuri kwenye frekansi ya chini kuliko yenu, waya ni ndefu: mukunje mwisho na kuuzungusha juu yake. Sentimita 10 kila upande zinapandisha frekansi karibu kilohezi 60. Kama kipimo kingali juu ya 3, musiseme kwenye foni, mutaiunguza.

Radi

Mashariki ya Congo ni moja ya fasi zinazopigwa na radi sana duniani. Mukisikia ngurumo ya kwanza, mutoe kable kwenye foni na muitupe inje ya nyumba. Mufanye hivyo pia kila usiku mukimaliza kazi. Musingoje mvua ianze, na musishike kable wakati radi inapiga karibu.

Ruhusa na maneno ya kusema

Mbele ya kupandisha waya, mupate ruhusa ya ARPTC, na muonyeshe karatasi kwa wakubwa wa eneo. Tangu Mei 2021 mkoa wetu uko chini ya utawala wa kijeshi. Antena bila karatasi inaweza kuleta matata kwa mwenye nyumba. Mujue pia kuna radioamateri, watu wanaofanya redio kwa kupenda na kujifunza. Majina yao ya redio kwa Congo yanaanza na 9Q mpaka 9T. Frekansi zao si za biashara. Koperative inapaswa kuomba frekansi yake.

Na musisahau: kwenye foni kila mtu anasikia. Muulize bei, mutoe habari ya barabara na ya wagonjwa wa mimea. Lakini musiseme kamwe siku gari la kakao linapita, nani anabeba feza, wala mwendo wa watu wenye silaha. Neno moja linaweza kuua mtu njiani.

Ya kujadili katika mkutano

1. Frekansi ikiwa megahezi 5,2, waya itakuwa ya urefu gani? (Jibu: mita 27,5; kila upande mita 13,75.)
2. Kwetu, nani atatoa kable radi ikianza, na kama hayuko, nani atamsaidia?
3. Tunakubaliana maneno gani hayasemwi kwenye foni?

Swali la pili na la tatu hayana hesabu, lakini muyaandike kwenye kaye ya koperative mbele ya kuwasha foni.