Gesi ndani ya injini ya dizeli

Swali: Nikifunga mfumo wa gesi ya mitungi kwenye lori langu la dizeli, moshi utapungua kweli?

Jibu: Utapungua, ila dizeli haiondoki kabisa. Gesi hiyo haiwaki kirahisi kwa mgandamizo peke yake. Huingia pamoja na hewa, kisha dizeli kidogo kutoka kwenye nozeli huiwasha. Kwa kuwa imekwisha kuchanganyika na hewa, masizi hupungua. Tena kwa kila gigajuli ya nishati, gesi hiyo hutoa takriban kilo 63 za kaboni dioksaidi, dizeli 74. Wapo wanaopinga wakisema kwamba gesi isiyoungua hutoka kwenye bomba la moshi. Ni kweli, hasa mzigo ukiwa mdogo. Na gesi ikizidi kwenye mzigo mkubwa, injini hugonga. Hoja hiyo inadai kipimo cha gesi kifuate mzigo, haibatilishi faida. Kabla ya kufunga mfumo, nozeli mbovu zitengenezwe kwanza, kwa kuwa dizeli yake ndiyo inayoiwasha gesi.