Vua Viatu Hivyo Kwanza

SOMO ANAJIBU

Shikamoo Somo,

Nina miaka 15, naishi South B na mama na mdogo wangu. Desemba iliyopita mamdogo alinipeleka Kenya National Theatre kutazama The Nutcracker. Tangu siku ile sina raha, nataka kucheza baleti tu. Nimekuwa nikijifunza kwa video za simu. Kwa miezi mitatu nilitembea kutoka shule ili niweke nauli, nikaenda soko la Toi nikanunua viatu vya mitumba, vile vya riboni vya kusimamia vidole. Navificha chini ya godoro. Usiku nikishika ukingo wa kitanda naweza kusimama hadi nihesabu kumi, ila ukucha wa kidole gumba umekuwa mweusi na nyuma ya kifundo panauma.

Nilipiga simu studio moja, wakaniambia darasa la wanaoanza ni la watoto wa miaka saba na minane. Mama akisikia baleti anasema hatoi pesa yake nikavue buibui mbele za watu. Binamu yangu naye kasema, kwa nyonga hizo baki na chakacha. Somo, nimechelewa? Na je, nianze kwa kupunguza uzito?

Mchuchumiaji, South B

Marahaba mwanangu,

Vua viatu hivyo. Wasomaji wengine wanisubiri kidogo, maana nina neno na ukucha wako kabla ya mengine yote.

Kiatu kile si raba iliyotiwa riboni. Mbele kina kisanduku kilichotengenezwa kwa tabaka za kitambaa na karatasi zilizokaushwa kwa gundi, na chini kina wayo mgumu unaoshikilia unyayo. Hivyo viwili ndivyo vinavyosaidia kubeba mwili. Joto na jasho la mguu huvilainisha kidogo kidogo mpaka kiatu kinakufa, na hufa upesi: mchezaji wa jukwaa kubwa anaweza kumaliza jozi nzima kwa onyesho moja. Ndiyo maana kipya hupimwa mguuni na mtu anayejua kazi yake, aangalie upana wa vidole, urefu wake na jinsi unyayo unavyopinda. Wewe umenunua kiatu kilichokwisha kufa, kikafinyangwa na mguu wa msichana mwingine, labda wa nchi nyingine kabisa. Unapopanda juu yake, hakuna kinachokubeba ila ukucha na kifundo. Weusi ule ni damu iliyovia chini ya ukucha. Maumivu ya nyuma ya kifundo yakiendelea wiki mbili baada ya kuviacha, nenda hospitali, na usimfiche daktari ulichokuwa ukifanya.

Najua utanijibu kwamba hujaanguka hata siku moja. Sawa. Lakini walimu waangalifu hawampandishi mtoto kwenye ncha za vidole kabla hajafikia kama miaka 12, na huyo ni mtoto ambaye tayari amekaa darasani miaka kadhaa. Anayeanza na miaka 15 haruki foleni kwa sababu ni mkubwa. Anahitaji kama miaka miwili ya darasa la mara kwa mara, kwa viatu laini vya ngozi au turubai, mpaka mashavu ya miguu, kifundo, misuli midogo ya unyayo na tumbo vyote viwe na nguvu ya kumwinua bila kutegemea kiatu. Mwalimu akitaka kujua kama uko tayari atakusimamisha pekupeku kwa mguu mmoja, uchuchumie polepole na kushuka polepole, mara nyingi mfululizo, goti limenyooka, kifundo hakiyumbi. Jaribu leo usiku, bila kushika kitanda. Utaona mwenyewe.

Sasa swali lenyewe: umechelewa? Umechelewa nini? Hukuniambia unataka kucheza au unataka kuajiriwa kucheza, na majibu ni mawili tofauti.

Ikiwa unataka kuajiriwa katika kampuni kubwa za Ulaya au Marekani, sitakudanganya. Wasichana wengi wanaofika huko huingia shule maalumu wakiwa na miaka kumi hivi, wakacheza karibu kila siku, na kufikia miaka 18 wanatafuta kazi. Wewe ungekuwa na miaka mitatu ya kufanya walichofanya wao kwa minane. Watu watakutajia walioweza, kwa hiyo nikutajie mimi kwanza, na yale ambayo huachwa nje ya hadithi.

Watakwambia Rudolf Nureyev aliingia shule ya baleti ya Leningrad mwaka 1955 akiwa na miaka 17. Kweli. Lakini tangu utotoni, huko Ufa, alikuwa akicheza ngoma za kienyeji, na alikuwa amefundishwa na walimu waliobobea kabla hajaiona Leningrad. Tena alikuwa mvulana, na wavulana katika fani hii ni wachache, kwa hiyo husubiriwa zaidi kidogo kuliko nyinyi. Si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Watakutajia pia Misty Copeland, na huyu ndiye naamini umemtazama kwenye simu yako. Alianza akiwa na miaka 13, masomo ya kwanza akiyapata kwenye kiwanja cha mpira wa kikapu cha klabu ya vijana huko San Pedro, California. Baada ya miezi michache tu alikuwa amesimama kwenye ncha. Mwaka 2015 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kupewa daraja la juu kabisa la wachezaji katika American Ballet Theatre, kampuni iliyokuwa na umri wa miaka 75. Hadithi nzuri, na ni ya kweli. Wasichokisimulia ni kwamba ili apate masomo ya kila siku alihamia nyumbani kwa mwalimu wake, na mwaka 1998 mvutano kati ya mama yake na mwalimu huyo ulifika mahakamani. Wala hawasemi kwamba mwaka 2012 alifanyiwa upasuaji kwa sababu ya mfupa wa muundi uliokuwa na nyufa kadhaa. Sisemi nyufa zile zilitokana na kuanza kwa haraka, sijui hilo. Nasema tu kwamba ule ulikuwa mwili wa ajabu, chini ya macho ya mwalimu, saa nyingi kila siku. Wewe una video na kitanda.

Karibu na nyumbani yuko Joel Kioko, kijana wa Kuwinda, hapo kwenye mabanda jirani na Karen. Masomo yake ya kwanza yalikuwa katika darasa la shule ya umma, madawati yamesukumwa nje, hakuna kioo wala mti wa kushikilia ukutani. Alifundishwa Nairobi mpaka akapata nafasi ya kusoma English National Ballet School, London. Namtaja makusudi, kwa sababu hakuhitaji chumba cha fahari ili aanze. Alichokuwa nacho ni mwalimu mbele yake, mtu wa kumwambia goti lako limepotoka, rudia.

Ikiwa unataka kucheza, kwa maana ya kuwa na mwili unaojua kazi hiyo na kufurahi nayo, hata siku moja upande jukwaani, basi hujachelewa hata kidogo. Wapo wanaoanza na miaka 30, wengine 50. Kinachokuharibia wewe ni haraka, na haraka ndiyo ugonjwa wa kila anayehisi kachelewa. Anaruka darasa la kwanza kwa aibu, anajifunza la tano kwa video, halafu anaumia.

Kuhusu watoto wa miaka saba, piga simu tena, na usikubali jibu la mpokea simu. Omba kuzungumza na mwalimu. Muulize kama wana darasa la wanaoanza wenye miaka 12 na kuendelea, au darasa la watu wazima linalopokea vijana. Studio nyingi hulifanya jioni au Jumamosi. Muulize amefundishwa wapi na kwa mtaala gani, na sakafu yao ni ya nini. Hili la sakafu watu hulipuuza. Kuruka mara mia juu ya saruji au vigae huumiza muundi, na studio inayojali huweka mbao zenye nafasi chini yake ili zibonyee kidogo. Kama jibu ni kwamba nafasi iko kwa watoto tu, ichukue. Utasimama nyuma, utaonekana mlingoti, na watoto watakuuliza kwa nini una matiti. Wajibu, uendelee. Utawapita haraka, kwa sababu wewe unaweza kuambiwa "bana tumbo, shusha mabega, hesabu nane" ukaelewa mara moja, wakati wao bado wanatafuta upande wa kulia.

Walichokuzidi ni ulaini wa viungo. Katika baleti miguu hugeuzwa nje, na mgeuko huo hutoka nyongani, mahali ambapo mfupa wa paja umeingia kwenye tundu lake. Umbo la tundu hilo ni la kuzaliwa, na ukifika miaka 15 halibadiliki sana. Wanaoanza wakubwa hudanganya: wanasukuma nyayo zitazame pande mbili kabisa kama kwenye picha, huku magoti yametazama mbele. Hapo ndipo goti linapopindwa. Geuza mpaka pale goti lako linapoweza kukaa juu ya vidole unapolikunja, basi. Kama ni kidogo, ndicho chako hicho.

Mwaka wa kwanza utakuchosha kwa upole wake. Kukunja magoti na kunyoosha, ambako walimu huita plie. Kuburuta unyayo sakafuni hadi vidole vinyooke, na kuurudisha. Mara thelathini, kushoto na kulia. Utatamani kuruka, utaambiwa shika mti. Mara moja kwa wiki inatosha kwa furaha. Mwili hauanzi kubadilika vizuri mpaka uende mara mbili. Nyumbani zoeza yaliyofundishwa darasani tu, ukishika mgongo wa kiti kizito, pekupeku, wala si kwa soksi kwenye sakafu ya saruji iliyopigwa rangi nyekundu, maana utateleza.

Nije kwa mama yako. Usimpinge kwa kusema wenzangu wote wanafanya, kwa sababu si kweli na yeye anajua. Mama ana hoja mbili, pesa na sitara, na kila moja ina jibu lake. Kwa sitara, muulize mwalimu mbele ya mama kama unaweza kuvaa fulana ya mikono mirefu, suruali ya kubana na sketi juu yake, na kilemba kilichobanwa vizuri. Mwalimu anachohitaji kuona ni mstari wa goti, nyonga na mgongo, na walimu wengi watakubali. Huko Sydney yuko Stephanie Kurlow, binti Mwislamu aliyejulikana duniani kwa kucheza baleti akiwa na hijabu. Mwonyeshe mama picha zake. Omba darasa la wasichana lenye mwalimu wa kike. Suala la kupanda jukwaani mbele ya wanaume msiligombanie sasa. Haliji mwaka huu, pengine wala mwaka ujao, na likija mtalizungumza mkiwa mnajua mambo mengi zaidi.

Kwa pesa, usimwombe ada ya mwaka. Mwombe darasa moja la majaribio, na umwombe aje nawe, akae kwenye kiti atazame. Mama wa kwetu ni hakimu mzuri wa mwalimu. Ataona kama anawagusa watoto kwa adabu anapowarekebisha, kama anawatukana, kama mlango uko wazi. Mwalimu anayekuahidi jukwaa la Ulaya siku ya kwanza, au asiyetaka mzazi akae, ondokeni wote wawili.

Na kabla ya kumwomba chochote, mpe viatu. Mwambie kuhusu nauli na miezi ya kutembea. Atakasirika, na ana haki, umetembea barabara za Nairobi peke yako bila yeye kujua. Lakini pia atajua kwamba hili si la kupita, na maneno yangu hayawezi kumthibitishia hilo zaidi ya nauli yako.

Binamu yako simjibu sana. Chakacha nimeicheza na kuifundisha, na mtu anayeweza kuzungusha nyonga huku kifua na mabega yametulia tuli ana udhibiti wa kiuno ambao darasa la baleti litamchukua mwaka kumfundisha mwingine. Utaombwa kuinyamazisha nyonga hiyo, na kuinyamazisha kunatumia misuli ile ile.

Umeuliza upunguze uzito. Hapana. Bado unakua, na mifupa unayoijenga sasa ndiyo utakayoitumia ukiwa na umri wangu. Msichana anayejinyima chakula hukosa hedhi, na mifupa yake hudhoofika. Katika fani hii limetokea mara nyingi mno. Copeland huyo huyo, mwili wake ulipojaa akiwa tayari kwenye kampuni, aliambiwa kwa maneno ya kuzungukazunguka kwamba apungue. Ameyaandika mwenyewe, na cheo alikipata baadaye, mwili ukiwa umeshabadilika. Mwalimu akikwambia upungue kilo, mwambie mama siku hiyo hiyo. Na siku ya darasa la majaribio kula chakula cha mchana kama kawaida, saa mbili kabla, ubebe maji, ufunge nywele, na ukate kucha za miguu, ule mweusi uuache ukue wenyewe.