Uliza Ukomo wa Huduma Kabla ya Kununua Kompyuta

Mtumiaji wa Bariadi, Maswa au Meatu anunuapo kompyuta iliyotumika kwa duka la kuchapa na kutoa nakala, huuliza bei na hali ya betri. Tunamshauri aulize jambo la tatu: mfumo endeshi uliomo utapata masasisho ya usalama hadi lini?

Miradi ya programu huria hutangaza ratiba hiyo mapema. Mfano ni Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Toleo jipya hutoka kila Aprili na Oktoba, na namba yake hutaja mwaka na mwezi. Toleo la kawaida huhudumiwa miezi 9 tu. Toleo lenye herufi LTS hutoka kila baada ya miaka 2, nalo huhudumiwa bila malipo kwa miaka 5.

Hivyo, 24.10 ni jipya kuliko 24.04 LTS, lakini huduma yake ilikoma Julai 2025, ilhali 24.04 itahudumiwa hadi 2029.

Huduma ikikoma, kompyuta haizimiki. Hata hivyo, kasoro mpya za usalama hazirekebishwi, na nakala za vitambulisho vya wateja hubaki hatarini.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe na akuonyeshe namba ya toleo. Ikiwa huduma imekoma, dai toleo linalohudumiwa. Programu yenyewe haina ada. Kubalianeni malipo ya fundi, kisha dai risiti.