Dondoo Muhimu: Msafara wa Pikipiki Katika Tope la Usambara

Kwa yeyote anayeazimu kupanda milima ya Usambara kwa pikipiki pamoja na wenziwe wakati wa masika, tope jekundu likiwa limekwisha kulainika hata linateleza kama sabuni, ni wajibu kwanza apunguze upepo wa matairi hadi yapata pauni 15, ili mpira upate kushika ardhi. Kisha asimame juu ya vikanyagio, na breki ya mbele aiguse kwa hadhari kubwa.

Katika kila njia panda, aliyetangulia asibanduke hata amwone anayemfuata. Na wa mwisho katika msafara awe hodari wa wote, wala si mwanagenzi, kama ilivyo ada mbaya ya wengi.

Mto usivukwe kabla haujapimwa kwa miguu. Injini ikimeza maji, nakusihi usiiwashe, kwani maji hayashindiliki kama hewa, na mkono wa pistoni huweza kupinda: fungua plagi, piga kiki mpaka maji yote yatoke, ukamue na kichujio cha hewa, ndipo ujaribu tena. Gurudumu likizama, usizidishe mafuta. Waite wenzio wavute.