Kuondoka Kabla ya Filimbi: Somo Juu ya Uaminifu kwa Timu

Mwezi huu twataka kujifunza jambo ambalo wengine watalihesabu kuwa dogo, walakini vijana wetu wa Nyahanga na wa Kahama yote hulizungumza kila juma, njiani na sokoni, na pengine kwa maneno makali. Jambo lenyewe ni hili: mtu akienda kuutazama mpira wa miguu, akaona timu yake inashindwa, akainuka na kwenda zake kabla mwamuzi hajapiga filimbi ya mwisho, je, amekosa uaminifu? Wako wasemao, "Huyo si mwenzetu, ni shabiki wa ushindi tu." Wako wajibuo, "Kiingilio nimelipa mwenyewe, na miguu ni yangu." Kwa kuwa walimu na wazee huulizwa na vijana juu ya mambo kama haya, yafaa tuyatazame kwa utulivu, tupate kujua ni lini kuondoka ni akili, na ni lini ni kumtupa mwenzako.

1. Mchezo huisha lini?

Sheria ya mpira yasema vipindi ni viwili, kila kimoja dakika 45. Lakini sheria hiyo hiyo yamwagiza mwamuzi aongeze muda uliopotea kwa ajili ya majeruhi, kubadilisha wachezaji, na ujanja wa wale wanaokawiza mchezo kwa makusudi. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2022 huko Qatar muda huo ulihesabiwa kwa bidii kuliko zamani, hata katika mchezo wa Uingereza na Iran, tarehe 21 Novemba, zikaongezwa dakika zaidi ya 20 katika vipindi vyote viwili. Basi yeye atokaye dakika ya 85 hajui ameacha dakika ngapi nyuma ya mgongo wake.

Tena dakika hizo si makapi. Waandikao hesabu za mabao wameona tangu zamani kwamba kipindi cha pili huzaa mabao mengi kuliko cha kwanza, na robo saa ya mwisho huzidi nyingine. Sababu yaeleweka. Miguu ya walinzi imechoka, na mawazo yao yameanza kutangatanga. Na timu inayoshindwa, kwa kuwa haina tena cha kuogopa, hupeleka watu wote mbele. Ndiyo maana mlango uliofungwa saa nzima huweza kufunguka ghafula.

2. Mifano michache

Tarehe 20 Oktoba 2013 Simba na Yanga zilikutana Dar es Salaam katika Uwanja wa Taifa. Hata wakati wa mapumziko Yanga walikuwa na mabao 3, na Simba hawana kitu. Mtu wa Simba aliyeinuka saa ile kwenda kuwahi gari alikuwa na hoja njema: ni nani arudishaye mabao matatu mbele ya mtani wake? Lakini katika kipindi cha pili Simba walirudisha yote matatu, kwa Betram Mombeki, Joseph Owino na Gilbert Kaze, na mchezo ukaisha 3 kwa 3. Aliyekwisha kuondoka hakupata hata haki ya kusimulia.

Simba hao hao, tarehe 23 Desemba 2018, walihitaji kuwashinda Nkana wa Zambia, baada ya kufungwa 2 kwa 1 huko Kitwe. Bao la kuwavusha, bao la tatu, lilifungwa na Clatous Chama dakika chache kabla ya mwisho. Na tarehe 16 Machi 2019, mbele ya AS Vita wa Kinshasa, Chama alifunga tena katika dakika ya 90, na timu ikaingia robo fainali ya Afrika.

Mfano wa nne ni wa kwetu, na sisi twaupenda kuliko hiyo mitatu, maana haukuishia katika ushindi. Mwezi Septemba 2018 Stand United ya Shinyanga ilisafiri hadi Dar es Salaam kucheza na Yanga. Yanga walifunga mabao 4. Timu ndogo kutoka bara ingeweza kuinamisha kichwa na kungoja filimbi. Lakini Alex Kitenge, kijana wa Burundi, alifunga mabao 3 peke yake, na mchezo ukaisha 4 kwa 3. Stand walishindwa. Walakini mtu wao aliyebaki mpaka mwisho aliona kitu ambacho hesabu ya mabao haionyeshi: timu iliyokataa kufa kabla ya saa yake.

Wala tusidhani kwamba ni watu wadogo tu wanaokosa kuona. Tarehe 26 Mei 1999 huko Barcelona, Bayern Munich walikuwa wakiwaongoza Manchester United 1 kwa 0 hata dakika 90 zikaisha. Lennart Johansson, mkuu wa chama cha mpira cha Ulaya, aliondoka kitini pake kwenda chini kukabidhi kikombe. Wakati alipokuwa njiani Manchester walifunga mabao mawili katika muda ulioongezwa. Alipotokea uwanjani alishangaa kuona wale aliodhani wameshinda wanalia, na walioshindwa wanacheza kwa furaha. Kama mwenye kikombe mkononi aliweza kukosea, sisi wa majukwaani tutasema nini?

3. Sababu za kuondoka si moja

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Waondokao mapema hawana sababu moja, na kuwafunga wote katika kamba moja si haki.

Yuko aondokaye kwa ajili ya njia. Kutoka Kahama hata uwanja wa Kambarage, Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 100. Mtu mwenye kazi alfajiri, au mama aliyewaacha watoto kwa jirani, akitoka ili apate gari la mwisho, hakuitupa timu. Amekumbuka tu kwamba ana watu wengine pia wanaomtegemea.

Yuko aondokaye kwa ajili ya usalama, na huyu yafaa asikilizwe sana. Tarehe 2 Januari 1971, katika uwanja wa Ibrox huko Glasgow, watu 66 walikufa kwa kusongamana katika ngazi za kutokea mwishoni mwa mchezo wa Rangers na Celtic. Katika dakika za mwisho kabisa kila upande ulikuwa umepata bao. Watu wakazua maneno, kwamba walioondoka mapema waliposikia kelele za bao la Rangers walirudi mbio, wakagongana na waliokuwa wakishuka. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba sivyo: umati wote ulikuwa ukishuka kwa upande mmoja. Hapa tuna mafunzo mawili. La kwanza, mzee au mwenye mtoto akitangulia kidogo kabla ya msongamano afanya vema. La pili, watu hupenda kuwatwika lawama waliotangulia kutoka, hata pale ambapo hawana hatia.

Yuko tena aondokaye kwa uchungu, maana hawezi kuona timu yake inaaibishwa. Tarehe 6 Mei 2012 Yanga walifungwa na Simba 5 kwa 0; tarehe 5 Novemba 2023 Simba walifungwa na Yanga 5 kwa 1. Siku kama hizo machozi ya mtu mzima si ya kuchekwa. Huyu twamwonea huruma, ingawa twamwambia kwamba walio uwanjani nao wana uchungu, wala hawana ruhusa ya kuondoka.

Wa mwisho ndiye aondokaye ili kuadhibu. Huyu hufanya makusudi, husimama mapema, huwageuzia wachezaji mgongo, hutukana akienda, na kesho yake husema, "Mimi na timu ile tumeachana," mpaka siku itakaposhinda tena. Juu ya huyu ndipo neno la uaminifu linapogusa hasa. Wahenga walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa furaha kila mtu ni rafiki.

4. Ngoma na mpira

Mtu aweza kuuliza, "Je, si desturi yetu tangu zamani kumwacha anayeshindwa?" Ni swali zuri. Katika Usukuma vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana baada ya mavuno. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Watazamaji wenyewe ndio waamuzi: upande unaopendeza zaidi huvuta watu, na wale wa upande wa pili huhama mbio kwenda kutazama, mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Kwa sababu hiyo manju hawakuacha mbinu yo yote, wengine nyoka, wengine sanamu, wengine dawa, ili kuvuta macho. Katika ngoma hiyo, kuhama kwako ni kura yako.

Mpira haukujengwa hivyo. Huko mabao ndiyo yaamuayo, na kuondoka kwako hakuongezi wala kupunguza bao hata moja. Kwa hiyo atokaye uwanjani kwa hasira, akidhani ametoa hukumu, amechukua sheria ya ngoma akaitia katika mchezo usio wake. Hukumu yake haihesabiwi popote. Kinachobaki ni mgongo wake tu, nao huonekana na yule kijana aliye uwanjani. Katika vile vibanda vya kutazamia mpira, viitwavyo vibanda umiza, mgongo huo hauonekani na mtu; mchezaji aliye Dar es Salaam au London hajui kwamba umetoka. Lakini katika uwanja wa vumbi wa mtaa wetu, mlinda mlango ni mtoto wa jirani yako, naye akutambua kwa shati lako.

5. Timu za kwetu

Hapa ndipo twataka kukaa zaidi, maana kuondoka dakika ya 80 ni jambo dogo likilinganishwa na kuiacha timu mwaka mzima.

Stand United ilizaliwa na watu wa stendi ya mabasi ya Shinyanga, nao waliiita kwa upendo Chama la Wana. Mwaka 2014 ilipanda Ligi Kuu. Baadaye ilipata ufadhili wa kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Ndipo mwaka 2016 ukatokea mgawanyiko, upande wa wanachama na upande wa kampuni ya timu, na ufadhili ukakoma. Mwaka 2019 ikashuka. Mwadui ilipanda mwaka 2015, ikashuka mwaka 2021. Geita Gold ilipanda mwaka 2021, na katika msimu wake wa kwanza ikawa ya nne, na mchezaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Walakini mwaka 2024 nayo ikashuka. Hivi ndani ya miaka mitano timu tatu za nchi ya almasi na dhahabu zilitoka Ligi Kuu.

Hatusemi kwamba zilishuka kwa sababu watu waliondoka mapema. Fedha, uongozi na uwezo vina sehemu yake. Lakini twajua jinsi timu ndogo inavyoishi. Timu kubwa ikipoteza watazamaji elfu, wapo wengine na wapo wafadhili. Timu ndogo ikipoteza mia, imepoteza nauli ya safari ijayo. Mfadhili aweza kuondoka siku moja kwa barua moja; mgodi nao una mwisho wake, kama Buzwagi ulivyomaliza uchimbaji. Watu wa mahali ndio wasio na mgodi mwingine wa kwenda.

Wachimbaji wetu wadogo walijua jambo hili kabla ya wapenda mpira. Wako wanaokimbilia kila penye tetesi ya dhahabu, leo hapa, kesho kule, na kila duara wanaliacha nusu. Wako wanaobaki na duara lao mpaka mwamba. Hatuwezi kuahidi kwamba abakiye atapata. Wengi walibaki wasipate. Lakini aachaye kila duara nusu ana hakika ya jambo moja tu, kwamba hatapata kamwe. Pamba ya Mwanza ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, kisha ikarudi mwaka 2024. Miaka hiyo yote palikuwa na watu waliosema "timu yetu" pasipo kuwa na cha kujivunia, na kama wasingalikuwapo, pasingalikuwa na kitu cha kurudi.

6. Basi, uaminifu ni nini?

Uaminifu si kufungwa kitini kwa mnyororo. Katika kitabu cha Ruthu, Orpa alirudi kwao, wala Naomi hakumlaumu. Lakini anayekumbukwa ni yule aliyebaki. Vivyo hivyo hatumlaumu aendaye kuwahi gari. Wala uaminifu si kunyamaza mbele ya makosa: mtu wa timu aweza kuuliza habari za fedha, aweza kumkosoa kocha mkutanini, na hiyo ni kazi njema. Tofauti ni hii: mwaminifu husema "tumefungwa", asiye mwaminifu husema "wamefungwa". Neno moja limebadilika, na mtu mzima ametoka ndani yake.

Maswali ya kuzungumza pamoja

Kwanza: Kati ya sababu nne za kuondoka tulizozitaja, ni ipi iliyo yako mara nyingi?

Pili: Je, waijua ratiba ya timu ya mtaa wako kama uijuavyo ratiba ya timu za Ulaya?

Tatu: Mchezaji kijana akifanya kosa lililoleta bao, ni nani kati yetu aendaye kumsalimu jioni ile?

Nne: Kikundi gani kingine katika mtaa wetu, kama vile cha kuweka akiba, cha uimbaji au cha kuchimba kisima, ambacho tumekiacha kabla ya filimbi, nacho kingeweza kuinuka kama tungalirudi?